Yakobo Mzee Katika Nchi ya Misri



Someni Mwanzo 45 hata 47. Yakobo alikuwa na miaka 130 njaa ilipomtoa Kanaani. Yusufu alimpelekea babaye magari, akijua ya kuwa mzee hawezi mwendo ule kwa miguu. Naye Farao aliwauliza wana kazi yao. Bali Yakobo alimwuliza miaka ya maisha yake. Sisi huuliza kazi tu.

Nchi yetu imepokea wageni wengi. Mwaka 1972 watu wa Burundi walikimbia mauaji, wakapewa mahali Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo. Chama cha TCRS, kilichoanzishwa 1964 kwa msaada wa Walutheri wa ulimwengu, kiliwahudumia huko. Aliyefyeka msitu ule akiwa na miaka 30, leo amepita 80. Yapata watu 162,000 walipewa uraia wa Tanzania. Ni jambo jema sana. Lakini cheti hakiteki maji, wala hakizibi paa linalovuja. Wajukuu husema Kiswahili sawasawa. Bibi amebaki na Kirundi chake, na siku mjukuu asipokuwapo hawezi kumweleza mganga mahali panapomwuma.

Nami naungama neno. Hapa Suma anakaa mzee mmoja, mzaliwa wa Burundi, aliyemfuata mwanawe. Kila Jumapili aliketi karibu na mlango. Ibada ikiisha, sisi tulisalimiana kwa Kinyakyusa, tukacheka, naye akashika fimbo yake akaenda zake katika mvua. Miezi minane nilimpa mkono tu. Alipougua ndipo nilipokwenda kwake, nikamwuliza swali la Farao. Alisimulia tangu asubuhi hata jua likachwa: ng'ombe aliowaacha, nduguze wasioonekana tena, mkewe aliyezikwa Katumba. Mwisho akaniuliza kama yeye atazikwa na watu.

Yakobo naye alisumbuka kwa neno hilo, akamwapisha Yusufu asimzike Misri. Mzee wetu hataki kuchukuliwa mbali. Ataka kujua kama tutakuja. Nikamjibu, "Tutakuja." Nilijibu kwa ajili yenu, ndugu, bila kuwauliza.

Bado yu hai, kitandani. Mwanawe hushinda safarini kwa biashara yake. Akina mama wa Jumatano wamekwisha kutwaa zamu ya kuni na maji. Zamu ya Jumamosi haijapata mtu.