Miguu ya Wazee

Siku hizi wazee wenye nguvu husifiwa wakitembea pamoja porini kwa ajili ya afya zao. Sifa hiyo ni haki, ila katika Wilaya ya Serengeti imechelewa. Huko, kati ya Waikoma, Wanata na Waishenyi, rika lilikuwa likiizunguka nchi kwa miguu ili ipone, mvua inyeshe na maradhi yakae mbali. Mtembezi hakutibu goti lake, alitibu nchi.

Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1951. Ikorongo na Grumeti zikawa mapori ya akiba mwaka 1994. Mahame mengi yakabaki ndani ya mpaka. Jan Bender Shetler, katika kitabu chake cha mwaka 2007, aeleza kuwa wazee huona maskani na makambi ya wawindaji pale mgeni aonapo nyika tupu.

Je, ni haki mgeni alipie matembezi ya kuburudisha macho, na mzee aombe ruhusa ya kukanyaga hame la babu yake? Hoja ya hifadhi si dhaifu: mlango afunguliwao mzee, jangili naye huupenya. Lakini mwenye fimbo hakufuata nyama. Afuata majina ya vilima, na majina hayo hayaji kwa kukaa barazani. Hukumbukwa mguu ufikapo, na wayajuao wanapungua.