Salio Lililosomwa Mapema

Kikoba kimoja kilitengenezewa programu na kijana aliyeijua JavaScript vizuri tu. Siku moja mfuko ulikuwa na shilingi 100,000, wanachama wawili wakatuma michango karibu kwa pamoja: 20,000 na 30,000. Daftari la mweka hazina likasoma 150,000, skrini 130,000.

"Mwanangu, elfu ishirini ya watu iko wapi?"

"Mama, risiti zote mbili zipo."

"Risiti nimeziona. Nauliza hela."

Kijana alishikilia kwamba haiwezekani. JavaScript hutekeleza jambo moja kwa wakati, hakuna wawili wanaogusa salio kwa pamoja. Ni kweli, na ukweli huo ndio uliompoteza. Tena kila alipojaribu kwa simu yake moja, hesabu ilitoka sawa.

Kosa lilikuwa kwenye mstari huu: salio = salio + await thibitisha(mchango). Kabla await haijaingia rasmi kwenye lugha hiyo mwaka 2017, angeandika kolbaki, yaani funksheni inayokabidhiwa iitwe jibu likirudi, na salio angelisoma humo ndani. Kolbaki zilichosha, moja ndani ya nyingine hadi msimbo unaelekea ukingo wa kulia, lakini mpaka wa kabla na baada ulionekana kwa macho. Await imeuficha katikati ya mstari. Funksheni ikifika hapo husimama. Ilichokwisha kukisoma huhifadhiwa pamoja na mahali ilipoishia, seva ikashughulikia wengine. Na kwa kuwa JavaScript huanza kusoma kushoto, ile 100,000 ilishachukuliwa kabla ya kusubiri. Maombi yote mawili yalilala nayo. La kwanza likaamka, likaandika 120,000. La pili likaamka na 100,000 yake ya zamani, likajumlisha 30,000, likafuta kazi ya mwenzake. Kuandika salio += await kusingesaidia; ni mtego ule ule uliofupishwa.

Akatenganisha: apokee kwanza mchango uliothibitishwa, ndipo asome salio na kujumlisha, pasipo await katikati. Ikatosha, hadi salio lilipohamia kwenye hifadhidata. Huko kusoma ni await, kuandika ni await, na pengo likarudi. Safari hii dawa ilikuwa amri moja ya UPDATE inayoiachia hifadhidata ijumlishe yenyewe, ili pasiwepo nakala ya salio inayokwenda kwenye seva na kurudi ikiwa imepitwa.