Cherehani Chini ya Ngazi



Ndugu zangu, Allah Awarehemu, juzi baada ya sala ya Isha alinijia mwenye nyumba mmoja wa mtaani petu hapa Mombasa, mtu mzima mwenye haya, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne, akasema, "Maalim, nitazamie kama hesabu hii ni ya halali." Mpangaji wake, fundi cherehani, alihama usiku akaacha kodi ya miezi mitatu, na chini ya kodi hiyo mzee ameandika chokaa ya kuta nne, boriti mbili zilizoliwa na mchwa, kitasa kilichong'olewa mlangoni, na mwisho kabisa faini ya kuchelewesha.

Ama kodi ile ni deni kama deni lo lote, na mtu haepukani na deni kwa kuwa amehama mtaa. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mwenye nacho akichelewesha kulipa amedhulumu. Naye Muslim amepokea kwamba shahidi husamehewa kila kitu ila deni. Tena Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari, mbili kwa mapokezi mamoja na tatu kwa mengine, akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada alipojitwika kulilipa. Dinari mbili, enyi mnaozunguka vichochoro msikutane na mwenye nyumba wenu wa zamani!

Lakini mizani ina vitanga viwili, nami nilimwambia mzee yule atazame na cha kwake. Fuqaha wamesema mkono wa mpangaji ni mkono wa amana, hatozwi dhamana ila kwa kuvuka mpaka au kwa kuzembea. Kitasa, basi, kikithibiti kwamba yeye ndiye aliyeking'oa, chamlazimu, kwa thamani ya kitasa kilichochakaa wala si kipya cha dukani. Chokaa iliyofifia kwa kukaliwa nyumba ni katika matumizi yaliyokwisha kulipiwa kodi, na mchwa, Allah Atusitiri, hawakuandikiana mkataba na mtu. Ama faini, ziada itozwayo juu ya deni kwa kuchelewa ndiyo riba ya Jahiliya, ijapobadilishwa jina.

Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama yafaa aiuze cherehani aliyoiacha fundi, ajilipe. Nikamjibu kwamba ile ni mali ya mtu na ndiyo riziki yake, na hukumu ya kuiuza si ya mdai. Fundi akiwa na uwezo naye akakataa, si aibu kumshitaki. Na kwa kuwa Kadhi wetu katika Kenya mamlaka yake ni ndoa, talaka, mirathi na hali za mtu binafsi, shauri la kodi litakwenda mahakama nyingine. Akiwa hana, aya ya 280 ya Suratul Baqara yaamrisha apewe muhula mpaka afarijike, na kumsamehe kukatajwa kuwa ni kheri zaidi.

Mzee akaazima kalamu yangu, akafuta mistari mitatu. Cherehani ingali chini ya ngazi yake, imefunikwa kanga. Na kesho baada ya Alasiri tumeafikiana kwenda sote wawili Majengo, tukamtafute mwenyewe.