Msichapishe kwa Ajili ya Stoo

Wanangu mlioshika uongozi wa asasi zetu, nawaonya. Fedha ya asasi haiishi kwa wizi peke yake. Nyingine hupotea kihalali kabisa, kwa risiti na mhuri, kwenye makaratasi mazuri yasiyomfikia mtu. Fungueni stoo ya asasi iliyokaa mjini Dar es Salaam miaka kadhaa. Nyuma ya viti vya plastiki mtakuta maboksi ya vipeperushi. Vya juu vimekatwa namba ya simu kwa kalamu na kuandikwa mpya pembeni. Vya chini bado vina ile ya zamani, maana aliyepewa kazi ya kukata alichoka kabla ya boksi la pili.

Mtego huanzia kwa mchapaji. Kijana anauliza bei ya vipeperushi 500, anajibiwa, kisha anaambiwa: "Ukichukua 5,000, kimoja kinashuka sana." Mchapaji hadanganyi. Mtambo wa ofseti hutaka pleti kwa kila rangi, na picha ya rangi kamili hutaka pleti nne. Pleti hizo, pamoja na muda wa kuandaa mtambo, hulipiwa hata mkichapa karatasi mia. Idadi ikipanda, gharama hiyo inagawanyika. Lakini mkigawa 800 na 4,200 vikaliwa na mchwa, gawanyeni malipo yote kwa 800, ndipo mtaijua bei mliyolipa. Rahisi ghali.

Basi kabla ya kwenda kwa mchapaji, hesabuni watu. Zahanati ngapi, shule ngapi, mikutano mingapi, na nani atabeba mzigo kupeleka huko. Jumla ikitoka 600, chapeni 700 kwa mashine ya dijitali, isiyohitaji pleti. Kama ni maandishi matupu, tafuteni wenye riso, wale wanaochapa mitihani ya shule. Wino mweusi juu ya karatasi ya njano huonekana mbali na hauna gharama ya rangi nne.

Msipumbazwe na karatasi ya kung'aa. Karatasi ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5. Ya kung'aa ya gramu 150 inapita gramu 9. Kwa nakala 5,000, hiyo ni kilo 25 dhidi ya kilo karibu 47, na mizigo ya basi kwenda Kigoma hailipiwi kwa maneno matamu. Tena juu ya karatasi inayong'aa kalamu huteleza. Mama akitaka kuandika tarehe ya kliniki ya mtoto, wino unafutika kidoleni. Kadi nzito iwe ya jalada au ya mwaliko. Kilichobaki kiwe cha kawaida.

Kila chombo kina kazi yake. Kipeperushi ni cha mtu mwenye jambo la kufanya akimaliza kusoma: aende wapi, siku gani, achukue nini. Karatasi moja ya A4 iliyokunjwa mara mbili inawapa nyuso sita bila pini wala gundi, na nyuso sita zinatosha. Kalenda hukaa ukutani mwaka mzima, ila iwe mkononi mwa watu Desemba. Ikifika Februari, ukuta umeshapata nyingine. Banna msiitie tarehe, ili mwakani itundikwe tena. Fulana inatangaza jina, haielezi jambo. Msiihesabu kuwa elimu. Kijitabu cha kupigwa pini kurasa zake huenda kwa nne nne, kwa hiyo mkiandika kurasa 17 mtalipia 20.

Na msidhani kila mtu lazima apewe nakala yake. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, Watanzania wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu na kukijadili, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo. Kijitabu kimoja kinachosomwa kwa sauti mbele ya watu kumi na tano kinashinda kumi na tano vilivyoishia kufungia vitenge.

Mkishaamua, ombeni profoma kwa wachapaji watatu kwa maelezo yale yale: ukubwa, gramu, rangi za kila upande, idadi, ukunjaji. Bila hivyo mtakuwa mnalinganisha embe na nazi. Prufu, yaani nakala ya majaribio, ikija, msiiangalie kwa simu huku mnakula. Ichapeni, mpeni mtu asiyefanya kazi ofisini kwenu aisome, na ile namba ya simu iliyoandikwa ipigeni palepale msikie nani anapokea. Kazi ikiisha, chukueni faili la usanifu pamoja na risiti ya EFD. Bila faili, kila marekebisho mtalipia usanifu upya.

Nembo za wafadhili ziwekeni chini, kwa kiasi mkataba unavyotaka. Nimeona mabango ambayo nembo sita zimekaa juu kifalme, na ujumbe wa maji safi umebanwa pembeni.

La mwisho ndilo zito. Maboksi mengi hayaletwi na ujinga wa bei. Yanaletwa na woga wa kurudisha fedha. Mradi unakaribia kufungwa, kifungu cha uchapaji kina salio, basi mtu anasema, "Tuchape tumalize." Msithubutu. Mwandikieni mfadhili mapema, mradi bado uko hai, mwombeni salio lihamie kwenye usafiri au mafunzo. Wengi hukubali wakiombwa kwa wakati na kwa sababu. Akikataa, rudisheni. Asasi inayorudisha salio na hesabu safi huaminiwa mwaka unaofuata, na stoo yake ina nafasi ya kuweka viti.