Mwite Kwanza, Umsikilize



Ndugu zangu katika imani, kila mwaka viongozi wetu hupokea maombi ya kushika nafasi za jumuiya, na kesho baadhi yetu tutakuwa waajiri. Linakuja faili: mwombaji alikatiza masomo mwaka mzima, tena hana mdhamini. Tumwite kwenye mahojiano au tumweke kando?

Tumtazame Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan. Wasifu wake ungesomekaje? Mkimbizi, aliyeua mtu Misri pasipo kukusudia, hana jamaa wala mdhamini. Lakini aliwanyweshea mabinti wawili mifugo yao bila kudai malipo. Baba yao akamwita, akamsikiliza kisa chake, kisha binti mmoja akashauri aajiriwe kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Mkataba ukawa miaka 8, au 10 akipenda (Suratul Qasas, aya 23-28).

Kumwita mtu si kumpa kazi. Uwezo lazima upimwe: Mtume (s.a.w.) alimkatalia Abu Dharr uongozi ingawa alimpenda, kwa kuwa aliuona udhaifu wake katika jambo hilo. Na uaminifu nao upimwe: pengo lililoandikwa wazi ni dosari tu, cheti cha kughushi ni khiyana.

Basi ndugu yangu, ukiona pengo, uliza. Huenda mwaka ule alikuwa akitafuta karo, na faili haliwezi kukueleza hilo.

Allah atujaalie uadilifu katika amana tulizopewa. Amin.