Khofu ya Mpigaji Kura

Kila ukaribiapo uchaguzi wa Rais, neno hili husikika mabarazani: "Fulani akishinda, tumekwisha." Msemaji hulisema kwa uchungu, na wasikilizaji hutikisa vichwa kumkubali. Lakini ni wachache waulizao: Khofu hii imetoka wapi, nayo ina haki gani ya kuiongoza kura ya mtu? Jambo hili lapasa kuzingatiwa, kwani kura ni amana, tena ni ushahidi. Na shahidi hashuhudii kwa aliyoyaota usiku.

Natutazame mfano wa watu wa mbali, huenda tukajiona wenyewe. Mwaka 1960 John F. Kennedy aligombea Urais wa Marekani. Alikuwa Mkatoliki, na Mkatoliki alikuwa hajapata kushika cheo hicho. Al Smith aliyejaribu mwaka 1928 alishindwa. Waprotestanti wengi wakaingiwa na khofu kuwa atapokea amri kwa Papa, na kwamba atazipa shule za kanisa lake fedha za serikali. Tarehe 12 Septemba 1960 Kennedy aliwaendea wachungaji wao mjini Houston, akawaambia kuwa yeye si mgombea wa Wakatoliki, na kwamba dhamiri yake ikipingana na maslaha ya taifa, atajiuzulu. Kisha akajibu maswali yao. Alishinda mwezi wa Novemba kwa tofauti ya kura zisizofika 120,000 katika kura zaidi ya milioni 68. Mwaka uliofuata, mpango wake wa kuzisaidia shule uliziacha nje shule za kanisa, hata maaskofu wa Kikatoliki wakampinga.

Khofu ile ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ni swali: Utafanya nini katika mambo ya shule na fedha za umma? Swali hili ni halali. Lina jawabu, na jawabu lake hupimwa kwa vitendo. Ya pili haikuwa swali bali hukumu: Huyu ni Mkatoliki, basi hafai. Hukumu hii haina jawabu, kwani mtu aweza kueleza atakalolitenda, lakini hawezi kujitakasa na kuzaliwa kwake.

Labda mtu atasema: "Mwenye busara hujihadhari kabla ya khatari." Ni kweli. Mtu akiwa amewahi kudhulumu, au ametangaza kuwa atadhulumu, kumkhofu ni akili, na kunyamaza ni udhaifu. Lakini tahadhari hujengwa juu ya maneno na matendo ya mtu mwenyewe. Isiyojengwa juu ya hayo ni dhana tu, na Sura ya Hujurat imetuonya juu ya dhana.

Mwaka 2008 Barack Obama, ambaye babake alikuwa Mkenya, alivumishiwa huko Marekani kuwa ni Mwislamu. Wengi walimtetea kwa kusema kuwa ni Mkristo, na kweli ni Mkristo. Colin Powell, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alisema vivyo hivyo, kisha akauliza: Hata angekuwa Mwislamu, kuna ubaya gani? Ni nani katika sisi asiyelipenda swali lile? Basi na tujiulize: Je, twaliuliza sisi, mgombea awapo wa kabila jingine au wa dini nyingine? Au twalipenda tu linapotutetea?

Waislamu ni wachache katika Kenya. Mizani ya dhana tukiihalalisha leo kwa kuwapimia wengine, kesho tutapimiwa sisi, wala hatutakuwa na ulimi wa kulalamika.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kabla ya kusema "tumekwisha", uliza: Mtu huyu amesema nini? Alipopewa cheo, alifanya nini na mali ya watu? Waliokuwa wanyonge chini yake waliishije? Ukishapata majibu, na khofu ikabaki, mpe kura mwengine, nawe utakuwa umeitimiza amana yako. Na khofu ikiondoka, jua kuwa haikuwa ikikuhifadhi, bali ilikuwa ikikudhulumisha.