Mafuta Ndani ya Silinda ya Hewa

Fundi mmoja wa vyuma huko Gerezani, Dar es Salaam, alikuwa na mashine ya drili inayoshushwa na silinda ya hewa. Kazi ilikwenda vizuri mpaka biti ilipokaribia kutokeza upande wa pili wa bamba. Chuma kinapoacha kukinza, hewa iliyobanwa hutanuka ghafla, pistoni huruka na biti hukatika. Akaambiwa mafuta hayabonyei kama hewa. Ukiyabania njia, pistoni hushuka polepole bila kushtuka. Aliambiwa kweli.

Akachomoa pampu ya tipa bovu, akaifungia mota, akaiunganisha na silinda ileile. Hakuweka geji wala valvu ya kuachia presha, kwa kuwa kompresa yake ilikuwa na swichi ya kuizima presha ikitosha. Pampu ya mafuta haijizimi. Kila mzunguko husukuma kiasi kilekile, na njia ikizibwa presha hupanda mpaka kitu fulani kiachie. Katika silinda yenye kipenyo cha milimita 50, presha ya kompresa ya baa 6 hutoa msukumo wa kilo 120 hivi. Pampu ikifika baa 150 hutoa tani 3, na silinda nyingi za hewa zimeundwa kwa baa 10 tu.

Siku ya majaribio pistoni ilishuka kwa utulivu uliowafurahisha wote, ikafika mwisho, pampu ikaendelea kusukuma. Sili ya fimbo ya pistoni ikaanza kuvuja. Kijana msaidizi akapeleka kidole kuziba. Alihisi mchomo kama wa mwiba, akaona nukta tu kwenye ngozi, akapangusa mkono na kuendelea na kazi. Usiku kidole kilivimba, asubuhi kikawa cheusi. Mafuta yenye presha hupenya ngozi, husambaa kando ya kano, huzuia damu na kuua nyama. Madaktari walimpasua na kusafisha, lakini saa nyingi zilikuwa zimepita, kidole kilikatwa. Jeraha la namna hiyo ni la kukimbizwa hospitali hata kama haliumi, na daktari aambiwe mara moja kwamba ni mafuta ya presha. Panapovuja, zima mashine na uitoe presha kwanza. Mkono usipelekwe hapo kamwe.

Kinachoniuma ni kwamba zile baa 150 hazikuhitajika. Nguvu ilikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni utulivu. Matangi mawili madogo yenye mafuta yangetosha: hewa ya kompresa ileile inayakandamiza mafuta kwa juu, nayo yanaingia kwenye silinda kupitia valvu ya kubana mtiririko. Presha inayoingia inabaki baa 6. Mapovu yatolewe yote, maana hewa iliyobaki hurudisha kushtuka kulekule. Mafuta ya breki yasitumike, huharibu sili za mpira wa kawaida. Tena, ukibana mafuta yanayotoka upande wa fimbo, presha ya upande huo huweza kuizidi ile inayoingia, kwa kuwa fimbo imepunguza eneo. Geji ifungwe hapo.

Anayetaka pistoni isimame kwenye milimita aliyoichagua na ibaki hapo mzigo ukibadilika, anunue silinda ya haidroliki, kihisi cha kupima nafasi na valvu inayofunguka kidogo kidogo kwa umeme. Valvu ya kuachia presha ifungwe na kurekebishwa kabla pampu haijafanya kazi.